Pikapu Aliyomwinulia Mkewe

Ukimtaka Fundi Springi, usiulize ofisi. Tafuta gari lililopandishwa juu ya magogo, inama, uzisalimie zile ndala mbili zinazochungulia. Hizo ndizo zinazopokea wateja. Ataitikia kwa mguno, na ukiwa na subira atatoka kinyumenyume, taratibu, mkono mmoja kiunoni.

Kazi yake ni kuinua magari. Vijana wenye fedha humletea pikapu kuukuu wakitaka zikae juu, zipite porini, zipande mawe. Yeye huongeza vyuma vya springi nyuma, huweka vikombe vya chuma mbele, hufunga shokapu ndefu na kuvalisha matairi makubwa yenye meno. Kisha vijana hao huzipeleka kwenye lami na kuziegesha mbele ya baa. Fundi Springi hajali. Mwili uliochoka hauna nafasi ya kumcheka mtu.

Pikapu yake mwenyewe, nyeupe iliyogeuka rangi ya udongo, ilibaki chini vilevile ilivyotoka kiwandani. Si wanasema mganga hajigangi?

Shida ni kwamba kati ya nyumba yake na barabara kuu kuna korongo. Tangu mwaka uliopita mkewe alikuwa na uvimbe tumboni, akienda hospitali kila mwezi kutundikiwa dripu ya dawa. Mvua zilipokuja zikala udongo wa korongo na kuacha mawe matupu, na pikapu ikalala tumbo juu ya mawe hayo, magurudumu yakizunguka hewani. Mara mbili walirudi nyumbani kwa miguu wakiwa wameloa, dawa haikupatikana. Daktari hakugomba. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba mama akikosa dawa tena, yeye hataweza kuahidi kitu.

Basi akaanza. Kutwa anainua za watu, jioni anainua yake, kwa vyuma alivyovitoa kwenye lori lililokufa. Alishuka korongoni na kijiti akapima mawe, moja baada ya jingine, akarudi akapima tumbo la gari. Mwanzoni mkewe alimletea chai pale uani. Baadaye akawa anaiacha dirishani na kumwita. Fundi aliinywa ikiwa imeshapoa, akashukuru, akarudi chini. Usiku alipitiwa na usingizi kabla hajavua shati.

"Utakufa kabla yangu," mkewe alimwambia, wakacheka wote wawili kicheko cha watu wasio na nguvu za kugombana.

Siku ya dawa iliamka na mvua. Fundi akaisogeza pikapu hadi mlangoni, na kwa kweli ilikuwa imesimama juu. Mkewe akatoka na koti lake zito, fimbo mkononi. Akaufungua mlango wa gari, akatazama. Sakafu ya gari ilikuwa usawa wa kiuno chake.

"Fundi," akasema, "gari hili umeniinulia mimi, au umeniletea mlima?"

Mawe aliyapima, matairi aliyapima. Mguu wa mkewe hakuukumbuka. Alijichukia. Akaleta kreti la soda, akaligeuza, akamshika mkono. Mama akapanda, akanyanyua mguu wa pili, goti likatetemeka na fimbo ikaanguka topeni. Wakajaribu tena, ikawa yaleyale. Jirani aliyekuwa akifagia maji kibarazani aliacha kufagia akatazama, kisha kwa adabu akageukia upande mwingine.

"Ngoja nikubebe," Fundi akasema.

"Sitaki. Mimi si gunia."

"Nani kasema gunia? Wewe ni mke wangu."

"Mgongo wako umekwisha, baba watoto. Ukianguka hapo, nani atatuokota?"

"Ng'ombe haelemewi na nunduye."

Mkewe akamkazia macho. Yalikuwa na woga, na Fundi hakuelewa ni woga wa nini, kwa sababu katika maisha yao yote huyu mama hakuwahi kuogopa kuanguka.

"Haya," akasema hatimaye. "Nibebe. Lakini usiniulize kitu."

Fundi akatanua miguu, akakaza kiuno, akavuta pumzi kama afanyavyo akitaka kunyanyua gia boksi. Anamjua mkewe. Alikuwa mwanamke wa haja. Enzi zake akiketi kwenye benchi, aliyekaa upande wa pili ilibidi ajishikilie. Akapitisha mkono chini ya magoti, mwingine mgongoni, akanyanyua kwa nguvu zake zote, na nusura amrushe.

Hakuwa na uzito. Ndani ya lile koti kulikuwa na mifupa na joto kidogo tu. Fundi akabaki amemshikilia vilevile mvuani, hampandishi wala hamshushi. Siku zote zile alilala kando yake na shati la kazi, na hakujua.

"Tangu lini?" akauliza.

"Nimekwambia usiulize." Mkewe akamwegemeza kichwa begani. "Tangu ulipoingia chini ya gari hili. Ningekwambia ungeacha kazi, na mawe yangebaki palepale. Umeona sasa? Nundu yenyewe imekwisha. Niweke ndani, tutachelewa."

Akamweka kitini, akamfunga mkanda, akazunguka mbele ya gari akijishikilia kwenye boneti. Wakashuka korongoni. Maji yalikuwa yakikimbia kati ya mawe, na pikapu ikapita juu ya mawe yote, pole pole, bila kugusa hata moja.

"Kazi nzuri, Fundi," mkewe akasema.

Hakuna sifa iliyowahi kumuuma kama ile. Alilia mpaka wakafika kwenye lami.