Tausi na Viatu vya Kukulia

Mwanangu, wewe unayejitayarisha kumvalisha farasi wako viatu vya nyuma, hebu viweke chini kwanza unisikilize. Ipo siku moja ambayo sijaisahau mpaka leo, nami si mtu wa kushtuka ovyo. Waulize majirani zangu hapa Kisauni. Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimemaliza shule. Marehemu baba yangu alikuwa na farasi jike mwekundu, jina lake Tausi, na huyo ndiye aliyetulisha. Kila asubuhi baba alimpeleka ufuoni Bamburi, wageni wakampanda na kupiga picha, na jioni sisi tukala.

Taabu ilikuwa njia. Kutoka kwetu hadi ufuoni palikuwa na kipande kirefu cha mawe ya matumbawe, yale mabaki ya mawe ya kujengea ambayo watu humwaga barabarani wakidhani wanaitengeneza. Miguu ya mbele ya Tausi ilikuwa na viatu vya chuma, lakini ya nyuma ilikuwa mitupu, na kwato zikaliwa na mawe mpaka akaanza kuchechemea. Ikatokea kwamba jirani mmoja wa Mkomani, naye alikuwa mfuga farasi, akahama na kutuachia mfuko wa viatu vya mpira. Mimi sikuwahi kuona vitu kama vile. Ni kama buti fupi lenye soli nene, ukwato wote unaingia ndani, halafu unafunga mkanda juu ya kisigino. Nilicheka, nikamwuliza baba kama Tausi naye anaanza shule.

Mfukoni mlikuwa na jozi mbili. Moja ilikuwa ndogo, imekaa nyembamba na ndefu kidogo, na nyingine ilikuwa pana, ya mviringo. Baba akainua mguu wa mbele wa Tausi, maana wa mbele haurushi teke, akaupimia kiatu hiki na kile. Ile jozi ndogo haikuingia hata nusu.

"Lakini tunavitaka vya miguu ya nyuma, baba," nilimwambia.

"Miguu yake yote mamake ni mmoja," alinijibu. "Tena ukwato wakua. Mpe kikubwa, atakikulia."

Usimcheke, mwanangu, kabla hujajua sisi tulivyolelewa. Viatu vya Idi tulinunuliwa vikubwa, sote, vikajazwa matambara huko mbele penye vidole. Idi ya kwanza unaviburura kama kandambili za babako. Idi ya pili vimekukaa. Ikifika ya tatu vinakubana, anarithi mdogo wako. Mzazi aliyemnunulia mtoto kiatu cha kumtosha sawasawa alionekana mbadhirifu, hajui kesho. Kwa hiyo baba alipochana kikoi chake cheupe kilichochakaa, akakikunja na kukijaza ndani ya viatu vya Tausi, mimi nilimshikia kitambaa na wala sikuona ajabu. Ndivyo alivyonivalisha mimi.

Basi mtaa mzima ulitoka kumtazama farasi mwenye buti. Tausi alipita juu ya mawe bila kuchechemea, na baba alitembea mbele yake ametunisha kifua, anaitikia salamu hata za watu aliogombana nao. Ufuoni aliingia naye majini kumwosha, viatu vikiwa miguuni, wakarudi hivyohivyo. Siku za mwanzo alikuwa akivivua jioni. Kisha Tausi akaanza kulaza masikio nyuma na kurusha teke kila baba anapomkaribia kwa nyuma, na baba akasema farasi wake ameingiwa na maringo kwa sababu ya kuvaa vizuri. Akaacha kuvivua. Alikuwa akisema mwenyewe kwamba mwenye kiatu kizuri halali bila kukitazama, na sote tukacheka pamoja naye.

Sasa nisikilize. Daktari wa mifugo, mama mmoja kutoka bara aliyekuwa akihudumia punda wa mtaani kwetu, alipita siku moja adhuhuri, akamwona Tausi amesimama uani. Alikuwa akiinua mguu huu wa nyuma, anaushusha, anainua ule, anaushusha. Daktari hakutusalimu vizuri hata. Alisimama palepale akitazama.

"Mzee, hii viatu umeitoa lini mara ya mwisho?"

"Marahaba, karibu," baba akamjibu, kumkumbusha adabu. "Sijavitoa, dakitari. Vyamlinda."

Yule mama alisogea ubavuni mwa Tausi, si nyuma yake, uso ameuelekeza mkiani, akaweka mkono mgongoni na kuuteremsha polepole mpaka mguuni huku akizungumza naye. Akafungua mkanda. Harufu ilitufikia kabla ya kiatu kutoka. Kiatu kilipotoka, kulimwagika mchanga mwingi, na nyuma yake likaning'inia tambara jekundu lililogandamana na mguu. Nilijiuliza tambara hilo jekundu limetoka wapi, maana kikoi cha baba kilikuwa cheupe. Ndipo nilipofahamu. Ilikuwa damu, mwanangu. Pale juu ya kisigino hapakuwa na ngozi. Kiatu kilikuwa kimezunguka mguuni siku zote hizo, matambara na mchanga vinasugua na kusugua, na kila hatua aliyopiga Tausi akiwabeba watoto wa wageni ilikuwa inamla nyama yake mwenyewe. Mguu wa pili ulikuwa hivyohivyo. Nilitapika pale pale uani, sikuona haya.

Daktari alituambia wazi. Kidonda kikiingia ndani ya ukwato, hakuna dawa atakayokuwa nayo. Itabidi amdunge sindano asiamke tena. Nilimtazama baba nikidhani atabisha, maana baba alikuwa mtu wa kubisha hata akielekezwa njia. Hakubisha. Alikwenda mbele ya Tausi, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akaweka paji lake la uso juu ya paji la farasi.

"Nimekukosea, mamangu," alisema. "Niwiya radhi."

Nilipigwa na butwaa kuliko nilivyopigwa na kile kidonda. Mama yangu aliishi na mtu yule mpaka mauti yakamchukua, na neno hilo hakulisikia kinywani mwake. Mimi mwanawe sikulisikia. Tausi ndiye aliyelipata, na machozi yalikuwa yakimtiririka baba ndevuni mbele ya mgeni.

Tukakaa na hofu. Kila asubuhi nilimwosha Tausi vidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikampaka dawa ya daktari, na kila asubuhi niliogopa kuunusa mguu ule kabla sijaushika. Baba hakwenda ufuoni wala msikitini. Alisali uani, pembeni ya farasi wake. Mola akatuhurumia, kidonda kikakauka bila kuingia ndani, ngozi ikarudi, ingawa manyoya ya pale yaliota meupe. Alipopona, daktari alituonyesha namna ya kupima, tukamvalisha ile jozi ndogo. Ilimkaa kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo nawe ufanye alivyotuonyesha. Ukwato wa nyuma si ukwato wa mbele, huo wa mbele ni wa mviringo na wa nyuma ni mwembamba wenye ncha. Upime wenyewe, na upime wote wawili, usidhani pacha wanalingana. Uchongwe kwanza na usafishwe, ndipo upime upana mahali palipo panapana na urefu kutoka nchani hadi kisiginoni, baada ya mnyama kuukanyaga kwa uzito wake wote. Ukishamvalisha, mzungushe kwa duara ndogo, kulia na kushoto, uone kama kiatu kinazunguka peke yake. Kikizunguka si chake, hata kama ni cha bure. Mara ya kwanza mtembeze kidogo tu. Ukitoka majini vua, kung'uta mchanga, pitisha kidole juu ya kisigino uone kama pana joto au manyoya yamelala vibaya. Na akikurushia teke, usiseme anaringa. Vua utazame.

Baba aliyajua yote hayo baadaye, na aliyajua vizuri kuliko mimi. Lakini Tausi hakumpa tena mguu wa nyuma. Mimi alinipa, daktari alimpa, hata wageni wangeweza kumpapasa huko nyuma akatulia. Baba akinyoosha mkono tu, ngozi ya farasi yule ilianza kutetemeka kuanzia mgongoni. Kila asubuhi mpaka Tausi alipozeeka, ilikuwa baba amshike kichwa na mimi nimvalishe viatu. Siku moja alijaribu tena, taratibu, akimwita kwa majina ya mapenzi, na mnyama akatetemeka jasho likamtoka. Baba akaurudisha mkono wake, akaufutia kwenye shuka.

"Ana haki," aliniambia. "Mvalishe wewe."

Mwanangu, aliyempenda farasi yule kuliko watu wote ndiye aliyemwumiza, na alimwumiza kwa kuwaza miguu atakayokuwa nayo kesho. Wewe mpimie mguu alio nao leo. Mkeo kadhalika, na watoto wako, na mzee wako akikulemea uzeeni. Wapimie walivyo, na ukiwakosea waombe radhi wangali wanakusikia, usingoje mpaka uumize mnyama ndipo neno likutoke. Mungu akupe mkono mwepesi na jicho la kuona mapema, na kila unayemtunza asiogope kukupa mguu wake. Amin.