Mgongo wa Mlango wa Bi Zuwena

Mume wangu Kiprop ni seremala hapa Kitale. Mteja mmoja alimwagiza mlango wa nakshi kama ile ya Zanzibar, naye akauchonga kwa kutazama picha za kwenye simu. Ulipendeza kweli. Shida ilianza alipojaribu kuusimamisha: mbao zilikuwa nzito, bawaba zikapinda, mlango ukainama kama mlevi anayetafuta ukuta. Kwa hiyo nilipoalikwa Unguja kwenye semina ya walimu wa hisabati, yeye alifurahi kuliko mimi.

"Kila picha inaonyesha uso," aliniambia nikipanga nguo. "Mimi nataka mgongo. Nione kinachoushika kwa ndani. Bila hivyo nitampa mteja pambo la ukutani."

Semina ilifanyika Tunguu, nje ya mji, na siku ya mwisho tuliimaliza adhuhuri. Ndege yangu ilikuwa ya jioni. Rukia, mwalimu aliyekuwa mwenyeji wangu, akanichukua kwa gari lake hadi Darajani, tukaliacha hapo na kuingia Mji Mkongwe kwa miguu.

Ukienda huko, usiogope vichochoro. Vinapinda, vinabanana, vinakurudisha ulikotoka, lakini mji ni mdogo: ukiendelea tu, mwisho utatokea Darajani au utaiona bahari ya Forodhani. Tembea polepole utazame milango. Mingine ina misumari ya shaba mikubwa kama ngumi ya mtoto, mingine imezungushiwa mnyororo wa kuchonga. Niliipenda yote, ila yote ilininyima nilichokifuata. Mlango uliofunguliwa umeegemeza mgongo wake ukutani. Uliofungwa umeuficha ndani.

Nilipoinama kuchungulia mmoja, mzee aliyekaa barazani akaniuliza, "Bibiye, umeangusha nini?"

"Nataka kuona nyuma ya mlango."

"Nyuma ya mlango yupo mke wangu. Piga hodi."

Rukia alicheka mpaka akashika ukuta. "Twende kwa shangazi yangu, Bi Zuwena. Ana mlango wa tangu enzi za babu zake. Lakini usimtajie haja yako mara tu ufikapo. Mgeni kwanza anywe kahawa, amalize."

Nikamwambia hilo silo geni. Hata kwetu shida husemwa kikombe kikishakauka.

Bi Zuwena alitupokea ghorofani. "Shikamoo, Bi." "Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa kitako." Zikaja tende, halua, na kahawa chungu katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Rukia, kwa kuwa ndiye mdogo, alishika birika. Nilikunywa nikamaliza, nikamrudishia kikombe. Akakijaza. Nikamaliza tena, kwa adabu. Akakijaza tena, kwa adabu pia. Tuliongea habari za Kitale, mahindi na baridi yetu, na kila nilipofikiri sasa naweza kuutaja mlango, kikombe kilikuwa kimejaa. Jua lilianza kuondoka dirishani. Rukia alikuwa akitazama saa, kisha ananitazama mimi, kisha anamimina.

Mwishowe akashindwa. "Mwalimu, chagua. Ndege au kahawa?"

"Mimi nimetosheka zamani," nikasema. "Wewe ndiye unayemimina."

"Si hukitikisi!"

Bi Zuwena akaweka tasbihi yake chini. "Mwanangu, kwenu hakuna kahawa?"

"Ipo, Bi. Lakini mama alinifunza nisibakize kitu katika kikombe cha watu."

"Na mimi mama alinifunza, kikombe kikirudi kimya, kijazwe." Akakichukua, akakitikisa kidogo kwa kifundo cha mkono. "Ukishiba, fanya hivi. Ama sivyo tutakuwa nawe mpaka Idi."

Nilikitikisa kama kengele ya shule, kisha haja yangu ikanitoka yote kwa pumzi moja.

"Mlango?" akasema. "Muda wote huu ulikuwa wataka mlango, nao umeupita ukiingia?"

Tukashuka. Akasukuma ubao mmoja kwa kiganja, kisha wa pili, na lile zigo likazunguka kama pazia, likajifunga nasi tukiwa ndani. Nikawasha taa ya simu. Hapakuwa na bawaba hata moja. Kila ubao ulikuwa na kigingi juu na kigingi chini, vinavyozunguka ndani ya matundu ya fremu, hivyo uzito wote uliketi chini badala ya kuning'inia pembeni. Bi Zuwena akasukuma komeo, nami nikapiga picha.

"Haya, mgongo huo. Ndege ikikuacha, kahawa n'shaiweka motoni."

Kiembe Samaki, kwenye uwanja wa ndege, niliingia mwisho kabisa. Angani sikusinzia hata kidogo, na nadhani unajua kwa nini.

Nyumbani Kiprop alizitazama picha kwa muda mrefu. "Umeketi chini," akanong'ona. "Nami nilikuwa nauning'iniza." Kisha akaona komeo. "Hii ulipiga ukiwa umefungiwa ndani?"

"Na mwenye nyumba."

Uso wa mji hupigwa picha na kila mpita njia. Mgongo wake utaonyeshwa wewe mgeni ukikaa, ukinywa, na ukikubali kufundishwa namna ya kukoma. Hayo ndiyo niliyorudi nayo.

Mlango sasa umesimama kwa mteja, unasukumwa kwa kidole. Siku ya kuukabidhi tuliandaliwa chai. Niliinywa yote, nikakitikisa kikombe taratibu, kwa kifundo cha mkono, nikamrudishia mama mwenye nyumba.

Akakijaza.