Familia ya Mfano

Ndaya alizaliwa Kasai, akaletwa Kindu na mume aliyefanya kazi ya reli. Mume alipofariki, ndugu zake walibeba kitanda, baiskeli na cherehani, wakamwachia sufuria kwa kuwa ilikuwa na masizi. Kwa sufuria hiyo akawapikia wali na sombe, yaani kisamvu, mafundi waliojenga kituo cha chuo kikuu, mahali ambapo wataalamu wangechunguza jinsi watu wanavyozaa, wanavyoishi na wanavyougua. Mwenyewe hakuwahi kuzaa, na majirani hawakumwacha asahau.

Jengo lilichelewa. Saruji ilikwenda kwanza kwenye jukwaa la gwaride la chama, na kila Jumamosi raia waliitwa salongo, ile kazi ya lazima, kufyeka uwanja uliokwisha ota majani tena. Hatimaye chumba kimoja kikaezekwa, na kamishna akatangaza ufunguzi. Wageni wangetoka Kinshasa, basi ilitakiwa familia ya mfano ya kuwaonyesha.

Ikatafutwa. Ya mwalimu ilikuwa na watoto wengi mno. Ya karani wa posta ilikuwa na mama wawili. Ya Zuberi muuza samaki ilifaa kabisa, ila mkewe alisema hasimamishwi mbele ya watu kama mbuzi wa soko. Kamishna alikuwa amekwisha choka alipomwona Ndaya akigawa wali, na pembeni yake Okito, mwashi mjane kutoka Tunda, akinawa mikono.

"Mama, uko na watoto?"

"Sina, sitwayeni kamishna," akajibu, akimwita raia kama chama kilivyoamuru.

"Vizuri. Tutakupatia."

Yeye na Okito wakapewa watoto watatu wa jirani, nguo za kuazima, na onyo la kutocheka.

Siku ilipofika, baada ya ngoma na nyimbo za chama, profesa mmoja mwenye abakosti ya kijivu, ile suti isiyovaliwa tai, aliwasogelea, akauliza kwa upole nani anaamua mambo ya nyumba. Ndaya alikuwa amefundishwa kujibu kwamba ni baba, lakini Okito alimtangulia.

"Njo yeye anaamua. Mimi najenga tu. Bila chakula yake hata hii ukuta haingesimama."

Ndaya akainama kutazama miguu yake. Miaka mingi hakuna mtu aliyemsifu.

"Na mnagombana?"

"Bado," akasema Ndaya. "Hatuyapata muda."

Profesa aliguswa. Aliwaambia wenzake kwamba amezunguka nchi nzima, hajaona ndoa tulivu kama hii. Watoto wakarudishwa kwao kabla chakula hakijapakuliwa, wageni wakapanda ndege, na kituo kikafungwa kwa kufuli kungoja vifaa.

Kesho yake asubuhi Okito alibisha hodi kwa Ndaya.

"Mama Ndaya, nimekuja juu ya ile maneno tulimuambia profesa."

"Ile uongo?"

"Ile ya kugombana. Ulisema hatuna muda. Mimi niko na muda."

Ndaya akamvutia kiti.

Walipokwenda kuandikisha ndoa, karani wa ndoa aliwakatalia. Alisema yeye mwenyewe aliwaona siku ya ufunguzi na watoto wao watatu, mbele ya kamishna. Hawezi kuozesha watu waliokwisha oana. Wakamwambia ukweli, naye akawashauri wasiurudie kwa sauti.

Basi wakaenda kwa padri, ambaye hakuwa amealikwa kwenye ufunguzi, na huyo akawaoza.