Miadi ya Saa Nane

Mke wangu alitangazwa marehemu siku ya Alhamisi, mwezi wa sita mwaka 1995, katika matangazo ya vifo ya saa saba mchana. Jina lake liliposomwa alikuwa ameketi kando yangu sebuleni kwetu Nyegezi, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Aliyepiga simu kutoa habari za kifo hicho ni mimi mumewe. Watu wa mtaani wameshaisimulia habari hii kwa namna zao, na katika masimulizi yao mimi naonekana mwendawazimu. Mwendawazimu sikuwa. Nilikuwa na hofu tu, na hofu ya siku ile sijapata kuionja tena.

Anaitwa Paskazia, Mkerewe, binti wa Bibi Odeta wa kisiwani. Mimi naitwa Mashimba, mwalimu wa shule ya msingi. Kwa miaka kumi na mmoja Paskazia alikuwa katibu muhtasi katika shirika moja la umma hapa Mwanza, mpaka mashirika yalipoanza kuuzwa na watu kupunguzwa kazi. Alirudi nyumbani na bahasha moja na kikombe chake cha chai, akakaa wiki tatu bila kusuka nywele. Nilimtania, hakucheka. Nikaacha.

Ndipo akaja Zadok Otuoma, mtu wa Shirati, mnunuzi wa sangara. Alikuwa akizunguka mialo ya ziwa zima, zile fukwe za mitumbwi, kununua samaki kwa wavuvi na kuviuzia viwanda vya minofu. Miadi yake alikuwa akiiandika kwenye vipande vya pakiti za sigara, anavitia mfukoni mwa shati, shati linafuliwa. Kule kwenye shirika alikuwa amemwona Paskazia akimpangia mkurugenzi siku zake, hakusahau. Siku aliyokuja kwetu alikataa hata soda.

"Dada, mimi sitaki ofisi," alisema. "Ofisi ni watu kunywa chai. Nataka mtu mmoja wa kunishikia siku zangu, hata kama mimi niko mbali."

Akatuwekea simu ya mezani, akaleta dayari yenye jalada jekundu, akaondoka. Tangu hapo, kila jioni, popote palipokuwa na simu, posta au misheni, alipiga na kuuliza swali lile lile: "Dada Paskazia, kesho mimi niko wapi?" Mke wangu akafungua dayari na kumsomea. Saa tatu uko na fulani, saa tano vuka kwa kivuko, saa tisa kiwandani, na yule wa kiwandani usimkatie bei mapema. Sifichi, ilinikera. Mwanamume mzima anamuuliza mke wangu kesho aende wapi, nami mumewe mwenyewe sijui jioni nitakula nini! Kwa miaka miwili walionana ana kwa ana mara mbili tu, lakini hakuna aliyemjua Otuoma kuliko Paskazia. Alijua ni daktari gani Otuoma anamwogopa, na ni mvuvi gani lazima asalimiwe kwanza asije akanuna.

Sharti la Otuoma lilikuwa moja. "Saa saba mchana usinipangie mtu. Ndugu zangu wametapakaa ziwa zima. Nikifiwa, redio ndiyo itakayonitafuta." Basi kila siku ya Mungu, saa saba, aliegesha pikapu yake pembeni ya barabara akasikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Kwenye dayari mstari huo haukuwa na jina la mtu. Uliandikwa neno moja tu: redio.

Alhamisi hiyo shule zilikuwa zimefungwa. Saa mbili asubuhi simu ikalia. Nilikuwa nanyoa ndevu, nikamsikia Paskazia akisema, "Uuwi! Poleni jamani, poleni sana." Kisha nikasikia kurasa zikifunuliwa.

Hapa naomba anielewe yeyote asiyetoka kwetu. Huku mtu akitaja msiba humuulizi yeye ni nani. Unaacha sufuria motoni, unafungua mlango, unamwonyesha njia. Mke wangu alikuwa na siri za ofisi hata mimi sikuzipata, na watu wakubwa walipiga kutaka kujua Otuoma yuko wapi, akawajibu kwa adabu kwamba ataupeleka ujumbe. Lakini mtu huyu alikuwa analia. Alisema ni mpwa wake Otuoma, kwamba mjomba mkubwa amefariki alfajiri huko Shirati, na ndugu wanatuma gari kumchukua. Watamkuta wapi? Paskazia akamwambia yote. Kwamba yuko ng'ambo ya Busisi, asubuhi ana mialo miwili, na saa nane mchana atapita barabara ya msituni kwenda mwalo wa mwisho kulipa wavuvi. Pikapu ya bluu. Yeye na dereva wake, basi.

"Nani huyo?" nilimuuliza.

"Mpwa wake bosi. Wamefiwa."

"Anaitwa nani?"

Akafunga dayari. "Alikuwa analia, Baba Hellen. Ningemuuliza jina?"

Saa nne simu ikalia tena. Alikuwa Anyango, dada yake Otuoma, anapiga kutoka Shirati kwa shughuli zake. Paskazia akampa pole ya mjomba. Nikaisikia sauti ya Anyango mpaka nilipokuwa nimekaa.

"Mjomba gani? Mjomba yuko hapa nje, anagombana na watoto waliomfichia ugoro wake!"

Paskazia aliweka simu chini taratibu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Nimemuua bosi," alisema. Hakulia. Alisema tu, akarudia. Miaka ile ya minofu wavuvi walilipwa fedha mkononi, mwaloni, na wanunuzi walikuwa wakiviziwa njiani. Mmoja tuliyemfahamu alikuwa amezikwa mwezi wa pili. Sasa kuna watu walikuwa wameshika saa ya Otuoma, barabara yake na rangi ya gari lake, na waliyapata hayo mezani kwetu.

Tulipiga simu polisi. Askari aliyepokea hakuwa mtu mbaya. Aliandika kila kitu, akasema atajaribu kuwapata wenzake wa ng'ambo kwa redio ya upepo, ila pikipiki yao ilikuwa imeenda mbali kwenye kesi. Nikaanza kuvaa viatu, niende Kigongo, nivuke, nimfuate.

"Utafika saa kumi na moja," Paskazia alisema bila kutazama saa. Zamu za kivuko alikuwa nazo kichwani.

Nikavua kiatu kimoja, nikabaki na kingine mguuni. Yeye alirudi kwenye dayari. Alipitisha kidole kwenye mistari ya siku ile, saa tatu, saa tano, kikasimama.

"Saa saba atakuwa ameegesha," alisema. "Hiyo ndiyo saa pekee ninayoweza kumpata."

Nilimwelewa mara moja, na nikatamani nisingemwelewa. Nikasema basi tumtangaze huyo huyo mjomba. Akakataa. Alisema mzee wa watu ameshafanywa marehemu mara moja asubuhi hiyo, na Shirati nzima ingeanza kulia. Hatuwezi kumtia kaburini mama wa mtu wala mtoto wa mtu.

"Nitangaze mimi," alisema.

Nilifoka. Nilimwambia mambo ambayo siyarudii hapa. Nilimwambia kifo hakiitwi nyumbani kama kuku, kisha nikamwambia, kwa ukatili wa mtu mwenye hofu, kwamba Otuoma amemwona mara mbili tu. Nani ameacha safari yake ya kazi kwa sababu ya mtu wa kwenye simu?

"Sijui kama atageuza," alijibu. "Lakini aliyekosea ni mimi, sikosei kwa jina la mtu mwingine."

"Na mama yako kisiwani? Akisikia?"

"Mama hana betri tangu Pasaka."

Alikuwa na rafiki, Selina, aliyesoma naye uhazili, ambaye wakati ule alikuwa katibu huko Dar katika ofisi inayopokea matangazo ya redio. Selina ni mwaminifu, asingesoma uongo kwa ajili ya mtu yeyote. Kwa hiyo asingeweza kuambiwa ukweli, wala kuisikia sauti ya Paskazia. Ilibidi nipige mimi. Mke wangu akaniandikia maneno kwenye karatasi, kwa mwandiko wake ule ulionyooka, akanishikisha.

Nilipofika kwenye "mke wangu" sauti ilikatika yenyewe. Sikuigiza. Selina akapiga yowe mpaka nikaondoa simu sikioni. Akauliza, "Shemeji, amekufaje?" Hilo halikuwa kwenye karatasi. Nikamtazama Paskazia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na bado aliandika pembeni neno moja. "Ghafla," nikasema. Selina akaanza kunukuu tangazo huku analia, akinirudisha nyuma kila jina alihakikishe, maana kazi ni kazi. Nilipomaliza nilikuwa nimelowa jasho, na mkono wangu mwingine ulikuwa umemshika Paskazia begani. Nilitaka kuwa na hakika yupo.

Saa saba ikafika. Taarifa ya habari ilikuwa ndefu kama kwa makusudi. Kisha matangazo ya vifo, watu wa Songea, watu wa Moshi, na hatimaye sisi.

"Bwana Mashimba wa Nyegezi, Mwanza, anasikitika kutangaza kifo cha mkewe mpenzi, Paskazia, kilichotokea leo ghafla. Habari zimfikie Bwana Zadok Otuoma popote alipo, ambaye anaombwa kukatisha safari yake na kufika nyumbani kwa marehemu leo hii bila kukosa."

Sauti ya redio ilikuwa inafifia. Paskazia akasema nibadilishe betri, labda watarudia. Nikavuta droo. Betri mpya hazikuwamo, na hapo hapo nikakumbuka zilipo. Nikakaa chini.

"Mama Hellen," nilisema. "Zile betri nilimpelekea mama yako. Jumamosi, kwa mtu wa meli."

Nilikuwa nimetaka kumfurahisha mkwe wangu, nikanyamaza ili aje kumshangaza bintiye kwa barua. Kijijini kwao hapakuwa na simu, na meli ya Nansio ilikuwa imeshaondoka. Tukakaa hivyo. Saa nane ikapita, tukaitazama inapita ukutani. Majirani wakaanza kuingia na kuni na mikeka, wakamkuta marehemu amekaa kwenye kiti. Mmoja alikimbia akaacha ndala zake. Tuliwaeleza, sijui walielewa nini. Wengine walibaki wakakaa nasi. Mimi nilikuwa nawaza vifo viwili kwa pamoja, cha mtu barabarani na cha mama kizee kando ya redio, na vyote vimetoka kwenye nyumba yangu.

Saa kumi na mbili kasoro tukasikia gari, kisha kilio. Wajaluo hawalii kimyakimya. Otuoma alishuka kwenye pikapu ya bluu kabla haijasimama, ameshika kichwa, anaita, "Dada Paskazia!". Paskazia akatoka mlangoni. Yule mtu mzito akarudi nyuma hatua tatu, akaegemea gari.

"Shikamoo bosi," mke wangu alisema. "Nisamehe. Nimefuta miadi yako ya saa nane."

Ilichukua muda kumweleza. Alikuwa ameegesha mwanzo kabisa wa msitu. Dereva wake ndiye aliyetusimulia mengine. Otuoma alimwamuru ageuze kabla tangazo halijaisha. Dereva akauliza wanakwenda wapi. Bosi akajibu, "Sijui. Wa kuniambia amekufa." Jumapili dereva wa lori la mbao akaleta habari Kigongo kwamba Alhamisi saa nane alikuta gogo limelazwa barabarani msituni. Watu wanne walitazama ndani ya lori lake, wakamuuliza kama amekutana na pikapu ya bluu, wakamwachia apite.

Lakini hiyo ilikuwa Jumapili. Ijumaa, kabla ya hayo kujulikana, tuliamkia bandarini kwa gari la Otuoma kuingojea meli ya Nansio. Paskazia alisimama mbele kabisa ili aonekane. Mimi nilikaa nyuma, kwa sababu mkwe hatazamwi usoni wala hapokelewi kitu mkononi. Kwetu Wasukuma ndivyo, na Bibi Odeta miaka yote ameniheshimu vivyo hivyo.

Alishuka wa mwisho, kanga kiunoni, na wanawake watatu wa kijijini. Alipomwona bintiye alisimama katikati ya ngazi. Wanawake walipiga mayowe, yeye hakupiga. Aliteremka, akamshika Paskazia mikono, akaanza kumpapasa vidole kimoja kimoja mpaka kumi vikatimia. Paskazia alikuwa amepiga magoti anaomba msamaha, nadhani hakumsikia.

Kisha akaja moja kwa moja mpaka nilipokuwa. Niliinamisha macho, nikarudi nyuma, akanifuata. Akaukamata mkono wangu, akaufungua, akaweka ndani yake betri mbili.

"Nilizichomoa kabla hawajamaliza jina lake," alisema. "Nikadhani nimewahi."

Zilikuwa na joto. Alikuwa amezishika mkononi tangu jana.