Mchuma chai wa Kibugu anayeingojea namba ya Ukraine

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu wa Mlima Kenya bado umekalia mashamba ya Kibugu. Nelius Nthiga anachuma kwa mikono miwili, majani mawili na chipukizi, na kuyatupa nyuma ya bega ndani ya kikapu bila kugeuka. Kila akimaliza mistari miwili anasimama, anafuta vidole kwenye aproni ya plastiki, kisha anatoa simu.

Alama ya tiki kwenye WhatsApp ni moja tu. Ujumbe umetoka Kibugu, haujamfikia binti yake Lviv.

"Mama Nato!" anaita Mithika, mchumaji mwenzake kutoka Meru, aliye mistari mitatu chini yake. "Leo Ukraine wamekubaliwa ama bado wako kwa laini?"

"Chuma chai, Mithika. Hayo majani yako ni ya kulisha mbuzi."

Wachumaji wanacheka. Nelius anacheka nao, lakini mkono umesharudi mfukoni.

Ana miaka hamsini na miwili na ni mjane. Binti yake wa pekee, Maxine, amemaliza masomo ya udaktari katika mji wa Lviv, magharibi mwa Ukraine. Hospitali moja ya huko, anakofanyia mazoezi, imempa kazi ya miaka miwili, na anatakiwa kujibu kufikia kesho, Ijumaa. Maxine amemwambia mama yake kwamba hatasaini bila baraka yake.

"Nikisema ndiyo, nimemwacha kwa vita," anasema Nelius. "Nikisema hapana, arudi hapa akae na cheti ndani ya sanduku akingoja kuitwa kazini. Usiku nageuka upande huu, nageuka ule."

Maxine alisafiri mwaka wa 2019. Vita vilipoanza Februari 2022, alivuka mpaka kuingia Poland kwa miguu, akafika nyumbani akiwa na begi moja. Akaomba nafasi ya kuendelea na masomo hapa nchini, akaambiwa aanze tena mwaka wa kwanza. Miezi sita baadaye alirudi Lviv.

Tangu hapo Nelius amekuwa akifuata habari ambazo majirani zake hawana haja nazo. Anajua kwamba Ukraine inataka kuingia NATO, jumuiya ya kujihami ambayo mwanachama mmoja akipigwa, wote wamepigwa. Redio yake ndogo huifunga kwa kamba kwenye ukingo wa kikapu.

Na ni redio hiyo iliyomponza.

Julai 2023, alisikia kwamba limeundwa baraza jipya, na Ukraine imekaa meza moja na nchi wanachama thelathini na moja, sawa kwa sawa. Nelius alitua kikapu chini akapiga magoti pale pale kati ya mashina. Jumapili alipeleka kanisani jogoo mwekundu na mkungu wa ndizi, akasimama mbele ya watu na kusema, "Nchi anayosomea mtoto wangu imepokelewa." Kanisa zima likapiga makofi.

Baada ya ibada sadaka zilinadiwa nje, kama ilivyo kawaida. Aliyemnunua jogoo ni Gachoki, karani wa kituo cha kununulia chai, mtu anayesoma magazeti mpaka matangazo ya vifo. Alimngoja Nelius kwenye lango la kanisa ndipo akamwambia polepole.

"Mama Maxine, usinikasirikie. Wamepewa kiti. Namba bado."

Kwa mtu wa Kibugu, maneno hayo hayahitaji maelezo. Mkulima wa chai hutambuliwa na kiwanda kwa namba yake. Asiye na namba huuza majani yake kwa namba ya mwingine.

Nelius anayajua hayo kwa mwili wake. Mumewe alipofariki mwaka wa 2012, shamba lilikuwa halijagawanywa, na kwa miaka tisa alipeleka chai kwa namba ya shemeji yake, Njue. Kilo ishirini na tano, siku nyingine thelathini, zote zikiandikwa Njue.

"Njue ni mtu mzuri, sisemi vibaya juu yake," anasema. "Lakini mtu mzuri naye huugua, mtu mzuri naye husahau. Mwaka mmoja mbolea ilikuja, nikapanga laini na wengine. Karani wa wakati huo akaniuliza, namba? Nikarudi nyumbani na gunia tupu. Mbolea haigawanywi kwa huruma."

Alipata namba yake mwaka wa 2021. Risiti ya kwanza iko ndani ya Biblia yake, kwenye Zaburi ya 121.

Ndiyo maana mwaka wa 2024, NATO iliposema kwamba njia ya Ukraine kuelekea uanachama haiwezi kurudishwa nyuma, Nelius hakupeleka kitu kanisani. Alimuuliza Gachoki swali moja tu: "Wametaja siku?"

"Hawajataja."

"Basi hata mimi niliambiwa hivyo miaka tisa."

Saa nane mchana wachumaji wanateremka kituoni. Kikapu cha Nelius kinaning'inizwa kwenye mzani na Gachoki anasoma kilo ishirini na sita. Kabla hajapokea risiti, simu inatetemeka mfukoni. Anaiacha risiti mkononi mwa karani.

"Mum, pole," sauti ya Maxine inatoka, na foleni nzima inatega sikio. "King'ora kililia tangu alfajiri, tulikuwa chini kwa handaki na wagonjwa. Huko hakuna mtandao."

"Uko mzima?"

"Niko mzima. Mum, wanataka jibu. Nisaini?"

Nelius anasogea kando ya ukuta wa kituo. "Nikuulize kwanza. Hiyo handaki mnayoingia, jina lako limeandikwa huko? Ama unaingia kwa sababu ya mtu?"

Maxine anacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Mum, handaki haina namba. King'ora kikilia, kila mtu anaingia. Leo mimi ndiye nilikuwa nashika mlango."

Nelius anakunjua mkono. Anaangalia vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa majani.

"Basi saini," anasema hatimaye. "Saini mwaka mmoja. Wa pili tutaongea."

"Mum, karatasi inasema miwili."

"Miwili?" Anavuta pumzi. "Sawa. Mimi nilingoja tisa, na siku zote hizo sikuacha kuchuma. Mungu akulinde unapoingia na unapotoka."

Anarudi kuchukua risiti yake. Gachoki anajifanya anaandika. Mithika, ambaye kutwa nzima hakukosa mzaha, anambebea kikapu kitupu mpaka njia panda.

"Na yule jogoo mwingine unayefuga, Mama Maxine?" anauliza. "Si sasa umpeleke Jumapili?"

Nelius anatikisa kichwa. Nyumbani ana jogoo mwekundu, kitukuu wa yule wa kwanza, na Krismasi mbili zimepita bila kisu kumgusa. Ndiye aliyemtenga kwa siku ambayo Ukraine itapokelewa.

"Huyo haendi kwa sababu ya kiti," anasema, akikunja risiti mara mbili. "Siku watakayopewa namba, nitampeleka mwenyewe. Na Gachoki ndiye atanisomea gazeti kwanza."