Pikipiki ya Baba Ilipogoma Kuwaka

Tik. Hata leo nikipita karibu na kijiwe cha mafundi, nikasikia mtu anabonyeza stata na injini haizunguki, inatoa tik moja tu kama mtu aliyegonga meno, nasimama kidogo. Kimawazo narudi nyumbani kwetu Chanika.

Nilikuwa darasa la nne. Baba alikuwa na pikipiki kuukuu, nzito, yenye kiti kirefu, aliyoachiwa na bosi wake wa zamani alipostaafu. Goti la baba lilikuwa bovu, hivyo kiki, ile ya kuwashia kwa mguu, hakuiweza. Aliwasha kwa stata tu. Kila asubuhi alinipeleka shule, na niwaambie ukweli, njia ile ndiyo sehemu pekee niliyokuwa naongea. Mtu akinitazama, maneno yaliniishia kooni. Lakini nikikaa nyuma ya baba, shavu limegusa koti lake lenye harufu ya petroli na sabuni ya kipande, hakuna aliyeuona uso wangu. Nilisema yote: nani kachapwa, nani kaficha chaki, kwa nini naogopa hesabu. Yeye aliitikia "Ehee," basi.

Desemba ile hatukwenda kijijini kwetu Upareni kula Krismasi. Ili tusinyong'onyee, baba akatangaza kwamba kila kitu kitapakwa rangi. Geti likawa la bluu, madirisha ya bluu, na rangi iliyobaki nikapewa mie nipake fremu ya pikipiki. Betri na waya zilikuwa zimeshatolewa. Sehemu moja ndogo chini ya kiti baba aliibandika karatasi ya gundi, akaniambia, "Hapa usiguse, Upendo. Pabaki chuma kitupu."

Nilipomaliza nikaibandua ile karatasi. Palionekana kama kipara kwenye kichwa kizuri. Nikapapaka pia, mara mbili.

Aliyerudisha waya ni jirani yetu, fundi Mudi, kijana wa Kimwera kutoka Nachingwea, wakati baba yuko kazini. Jioni baba akabonyeza stata. Tik. Taa iliwaka, honi ililia, injini kimya.

"Mzee, shikamoo," Mudi akasema.

"Marahaba. Si umeshanisalimia?"

"Si wewe, mzee wangu. Naisalimia pikipiki. Imenizidi umri, labda imekasirika."

Alihangaika nayo siku nne. Akachaji betri, akafungua mota ya stata akasafisha kaboni zake, akabadilisha rilei, kile kidude kinacholia tik. Kila waya aliushika na kuutikisa. Ule mnene wa hasi, uliofungwa kwa bolti palepale nilipopaka, ulikuwa umekaza, akaupita. Mie nilisimama mlangoni natazama. Sikujua kama rangi inaweza kuzuia umeme, ila nilijua nimevunja agizo.

Siku ya tano baba alisema mezani kwamba kuna mtu wa Segerea atakuja kuinunua Jumamosi. "Nimechoka nayo. Shule zikifunguliwa, Upendo atatembea na wenzake."

Mama akaniangalia. Nikautazama ugali wangu.

Ijumaa mchana nilimkuta baba amekaa juu ya pikipiki uani, mikono kwenye usukani.

"Panda," akasema bila kugeuka.

Nikapanda. Hatukwenda popote. Kuku walipita chini ya miguu yetu, na baba alikuwa anatazama geti kama vile tuko barabarani.

"Baba, ile karatasi niliibandua."

"Ehee."

"Nikapaka rangi. Mara mbili."

Mgongo wake ukaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Mudi!" akaita ng'ambo ya uzio. "Njoo na msasa!"

Mudi akafungua bolti, akakwangua rangi hadi chuma kikaonekana, akaufunga waya upya. "Mdogo wangu, umeme kidogo wa taa unapenya, ila ule mwingi wa stata haupiti kwenye rangi," akanung'unika, "hata iwe ya Krismasi. Mie nimefungua mota nzima, na wewe uko mlangoni unaniangalia tu!"

Baba akabonyeza. Injini ikanguruma, kuku wakatawanyika, na mtu wa Segerea akapigiwa simu asije.

Kwa miaka mingi niliamini ilikuwa bahati tu kumkuta baba pale uani. Nimekuwa mkubwa ndipo nikajiuliza: mtu mwenye goti bovu anapanda pikipiki isiyowaka ili afanye nini, na anamwambia mtoto apande waende wapi? Hakujua habari ya rangi. Alijua tu kwamba kuna neno limenikwama. Angeniita sebuleni akaniuliza uso kwa uso, ningenyamaza hadi kesho. Kwa hiyo alitazama geti, akasubiri.