Chokaa ya Mnara wa Taa

Mnara wa taa wa bandari yetu ya Rumonge haupo tena. Wabelgiji waliujenga kwa mawe, na baba yangu ndiye aliyekuwa akiiwasha taa yake. Taa ilipozimwa moja kwa moja, baba aliachiwa ufunguo aulinde mnara. Kila Idi ilipokaribia aliupaka chokaa, akitia ndani buluu ya kufulia ili weupe ukolee. Wavuvi waliporudi asubuhi waliuona kabla ya nyumba yoyote.

Kisha baba akaugua, akalazwa Bujumbura. Aliporudi, mnara ulikuwa umebomolewa, na jirani yetu mfanyabiashara alikuwa anajenga nyumba ya mawe ufukweni. Alisema mawe yake yamechimbwa Gatete. Akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba ya mnara baba aliyauza mwenyewe. Watu wakamwamini, maana alikuwa na mali. Baba akanyang'anywa ufunguo, ingawa mlango wake haukuwapo tena, akaona aibu hata kwenda msikitini, akasali nyumbani mpaka alipofariki. Mimi nikawa nauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, mbele ya nyumba ile ile, namwamkia mwenyewe kwa adabu huku roho inaniwaka. Nilimchukia, na bado namchukia.

Miaka hii ziwa limepanda. Maji yalipiga ukuta wake, plasta ikabanduka, na siku moja nikianika ndagala nikayaona mawe. Upande wa nje yalikuwa na chokaa, tabaka juu ya tabaka, na ndani yake buluu ya baba. Nikaketi mchangani nikacheka mpaka wenzangu wakadhani nimerukwa na akili. Nikawaita wazee wa msikiti. Wakakwangua kwa kucha, wakatazamana, wakaondoka bila kumuaga mwenye nyumba.

Jioni akanijia. "Mutoto yangu, baba yako alishakufa. Acha fundi aweke simenti, mambo iishe."

"Usisumbue fundi, mzee," nikamwambia. "Ukuta yako nitaipaka mimi."

Idi ilipokaribia nikakoroga chokaa kwenye ndoo ya baba, nikazidisha buluu, nikapaka ukuta wote unaotazama ziwa. Alikuwa dirishani, hakuthubutu kutoka. Sasa wavuvi wakirudi asubuhi wanaiona nyumba yake kabla ya nyingine zote, na wanaiita mnara wa baba yangu. Nitaipaka kila Idi mpaka mzee yule azikwe, na baada yake wanawe watanikuta pale na ndoo.